Hasira, Ukimya na Shuku: Namna ya Kumuuguza Nyumbani Ndugu Mwenye Ugonjwa wa Huntington

Kabla ya kuitisha kikao cha ukoo, na kabla ya kuanza kuhesabu nauli ya kwenda hospitali, nunua daftari la kawaida la shule, lifungie kalamu kwa uzi, na uliweke mahali ambapo kila mtu mzima wa nyumba hiyo atalifikia. Dalili za akili na hisia katika ugonjwa wa Huntington huja na kuondoka, hubadilika sura, na aghalabu hujificha siku ile mgonjwa anapokaa mbele ya daktari kwa dakika chache, akiwa amevaa shati safi na kuitikia salamu vizuri. Bila maandishi, mtakachopeleka hospitali ni malalamiko tu. Liandikwe kwa maneno ambayo hamtaona haya mgonjwa akiyasoma, maana siku moja atayasoma.

Huntington ni ugonjwa wa kurithi unaoua polepole chembe za ubongo, hasa katika sehemu za ndani zinazoratibu mwendo, maamuzi na hisia. Chanzo chake ni hitilafu katika jeni moja iliyo kwenye kromosomu ya 4, ambayo watafiti waliitambua mwaka 1993: kipande kifupi cha jeni hiyo hujirudia kupita kiasi, na mtu mwenye marudio 40 au zaidi ataugua iwapo ataishi umri wa kawaida. Kila mtoto wa mzazi mwenye hitilafu hiyo, awe wa kike au wa kiume, ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi. Mara nyingi dalili huanza mtu akiwa na umri wa miaka 30 hadi 50, ingawa wapo wanaoanza wakiwa bado wanafunzi, na kwa kawaida ugonjwa huchukua miaka 15 hadi 20 tangu uonekane.

Watu huutambua kwa miondoko yake, yaani mikono na miguu inayorukaruka bila mwenyewe kutaka, na mwendo wa kuyumba. Huku kwetu nyanda za juu kusini mwa Tanzania, ambako pombe za kienyeji kama ulanzi na komoni haziko mbali na mlango wa mtu yeyote, anayeyumba njiani saa nne asubuhi huhukumiwa kabla hajafika alikokuwa akienda. Hata hivyo, George Huntington, daktari kijana wa Marekani aliyeueleza ugonjwa huu mwaka 1872 kutokana na familia ambazo baba yake na babu yake walikuwa wamezitibu kabla yake, alitaja mambo matatu yanayoupambanua: kwamba unarithiwa, kwamba huwashika watu wazima, na kwamba unaambatana na kurukwa na akili na kujiua. Kwa hiyo mabadiliko ya akili yalionekana tangu mwanzo kuwa ni sehemu ya ugonjwa wenyewe. Sisi wa nyumbani ndio tunaoendelea kuyaweka kando na kuyapa majina mengine.

Nilimuuguza mjomba wangu huko Rungwe, na kwa karibu miaka mitatu kabla vidole vyake havijaanza kucheza tulikuwa tukigombana naye kama mtu aliyeharibika tabia. Aliacha kuhudhuria misiba, akauza ndama bila kumwambia mkewe, akamkaripia shangazi mbele ya wageni. Wengine walisema ni pombe, wengine walisema amelogwa kwa ajili ya shamba la migomba, na hakuna aliyekumbuka kwamba baba yake naye alimaliza maisha yake hivyo hivyo. Nalitaja hili kwa sababu dalili za akili zinaweza kutangulia zile za mwili kwa miaka mingi, na pia kwa sababu ndizo sehemu ya ugonjwa huu inayotibika vizuri zaidi. Hakuna dawa inayozuia ubongo usiendelee kudhoofika, lakini sonona (ugonjwa wa huzuni nzito), hasira na shuku zinatulizwa, na nyumba hukalika tena.

Namna ya kuandika

Kila tukio liandikwe na aliyeliona, siku hiyo hiyo, na liwe na mambo manne: saa, kilichotangulia, kilichotokea, na kilichomtuliza. Ukiandika tu kwamba leo amekuwa mkali, hujaandika kitu. Andika hivi: Jumanne, saa saba na nusu mchana, alirusha sahani, kabla ya hapo chakula kilichelewa, redio ilikuwa juu, na watu wawili walimsemesha kwa pamoja, alitulia alipotolewa nje na kupewa uji. Baada ya wiki tatu za maandishi ya namna hii, mara nyingi utagundua kuwa hasira iliyoonekana kama radi ina saa zake na ina milango yake. Pembeni andika pia usingizi, kiasi alichokula, kama amepata choo, pombe aliyokunywa, na kila dawa iliyoanzwa, iliyobadilishwa au iliyokwisha kabla ya tarehe ya kliniki.

Ukimya wa aina mbili

Kosa linalofanywa zaidi, hata na watu wenye nia njema, ni kuchanganya kufifia kwa msukumo wa ndani na sonona. Mtu ambaye msukumo wake umefifia hukaa kwenye kigoda tangu asubuhi, haanzishi jambo, haulizi habari za mahindi wala za watoto, lakini ukimshika mkono na kumwambia twende tukaoge, huenda; ukimwekea chakula, hula; na ukimtazama usoni huoni huzuni. Hali hii inatokana na uharibifu wa njia za ubongo zinazoanzisha vitendo, na huzidi kadiri ugonjwa unavyoendelea. Kumwita mvivu hakusaidii, na mahubiri ya kumhimiza ajitahidi hayasaidii pia. Kinachosaidia ni ratiba isiyobadilika, ambayo mtu mwingine ndiye anayeianzisha: kuamka saa fulani, kuota jua mahali fulani, kazi moja ndogo ya mikono kama kupukuchua mahindi au kuchambua maharage kwa muda ambao anauweza. Usimuulize anataka kufanya nini, kwa sababu swali pana namna hiyo humtaka aanzishe, na hapo hasa ndipo palipoharibika. Mpe vitu viwili achague kimoja.

Sonona ni jambo tofauti, na inaweza kumpata katika hatua yoyote ya ugonjwa. Mgonjwa wa sonona hulia au hukaribia kulia, hujilaumu, huamka usiku wa manane na kukaa gizani, husema yeye ni mzigo, hukataa chakula alichokuwa akikipenda, na huweza kuzungumza habari za kaburi lake kwa utulivu unaoogopesha. Hata ukimwongoza kwenye kazi ndogo, hapati nafuu. Kukonda peke yake si ushahidi, kwa kuwa wagonjwa wa Huntington hupungua uzito hata wakila vizuri. Wala uso mkavu si ushahidi, maana misuli ya uso nayo huathirika. Tegemea zaidi maneno yake, usingizi wake, na mabadiliko ya ghafla kutoka alivyokuwa mwezi uliopita. Sonona na kufifia kwa msukumo vinaweza kuwapo pamoja kwa mtu mmoja, na hapo ndipo daftari linapomsaidia daktari kuliko maelezo ya mdomo, kwani dawa za sonona huiondoa sonona vizuri ilhali kufifia kwa msukumo hakuzisikii sana.

Hasira, na jinsi ya kuzizuia zisiwake

Sehemu ya ubongo inayomwezesha mtu kusubiri, kugeuza wazo na kujizuia ndiyo iliyoshambuliwa, na kwa sababu hiyo mgonjwa anayedai chai sasa hivi hasukumwi na ukaidi bali hana tena uwezo wa kulishika neno subiri. Badala ya kumwambia asubiri, mwambie ni lini, kwa kitu anachoweza kukiona: chai itakuja mtungi huu ukijaa. Afadhali zaidi chai iwepo kabla hajaidai. Njaa ni chanzo kikubwa mno cha hasira katika ugonjwa huu, kwa kuwa mwili wake unatumia nguvu nyingi kuliko wa mtu mwingine, hivyo milo mitano midogo yenye mafuta na karanga ina kazi kubwa kuliko milo miwili mikubwa. Ndizi, viazi, parachichi na maziwa havipungui katika mikoa yetu, nasi tuvitumie. Ikiwa anapaliwa, chakula kiwe kizito na laini, naye aketi wima bila kusemeshwa.

Maneno humfikia taratibu. Mwambie jambo moja kwa sentensi fupi, kisha nyamaza, uhesabu kimyakimya hadi 10 au hata zaidi, umpe nafasi ya kujibu. Tunapolirudia swali kwa sauti ya juu tunadhani tunamsaidia, kumbe tunamlundikia swali jipya juu ya lile ambalo hajamaliza kulichambua. Wageni waingie mmoja mmoja, redio izimwe wakati wa kula, na mipango ya siku isigeuzwe bila kumtaarifu. Akiwa ameng'ang'ania jambo moja, kwa mfano deni la zamani au mpaka wa shamba, usibishane naye kuhusu ukweli wake. Likubali kwa kifupi, kisha mpeleke kwenye kitu kingine kwa mwili, kwa kumshika mkono na kutoka nje. Kubishana humpa kuni.

Hasira ikishawaka, kazi yako ni usalama tu. Punguza watu, toa watoto, simama upande na si mbele yake, usimguse kwa nguvu, uache mlango wazi. Mafunzo yasubiri, maana dakika ile hafundishiki, na baadaye huenda akaona haya kweli kweli au akawa hajui kabisa kwamba amekosa. Hilo la pili huwaumiza sana ndugu. Watu hulisoma kama kiburi, lakini wagonjwa wengi wa Huntington hupoteza uwezo wa kuziona dalili zao wenyewe, na mtu asiyeona hawezi kukiri. Fikiria pia maumivu yasiyosemwa: jino, mkojo unaochoma, kufunga choo, malaria. Mtu aliyekuwa na nafuu akibadilika ndani ya siku mbili, apimwe kwanza magonjwa ya kawaida katika zahanati iliyo karibu kabla hamjaamua kwamba ni ubongo.

Shuku na kuona visivyokuwepo

Wachache miongoni mwa wagonjwa husikia sauti, huona watu wasiokuwepo, au huamini kwa dhati kwamba mke ana mwanamume mwingine ama kwamba uji umetiwa sumu. Katika jamii yetu shuku ya namna hii hupata wasikilizaji haraka, na tayari nimeona kijana akifukuzwa nyumbani kwa tuhuma za uchawi zilizotoka kinywani mwa mgonjwa. Kwa hiyo mzee mmoja anayeheshimika na ukoo aelezwe mapema kwamba maneno hayo yanaweza kuja na kwamba ni dalili. Mbele ya mgonjwa usikubali kwamba sumu ipo, wala usimwite mwongo. Mwambie unaona kwamba ana hofu, kisha ule pamoja naye kutoka sufuria moja. Dalili hizi zinahitaji daktari bila kuchelewa.

Kuhusu waganga na maombi, sitaki kuanzisha vita nyumbani kwa mtu. Anayetaka kuombewa aombewe. Ila kuna mambo matatu ambayo familia iyakatae waziwazi: kumfunga kwa kamba au minyororo, kumsimamisha dawa za hospitali, na kumfungisha chakula, kwa kuwa mwili unaokonda kwa namna hii hauna akiba ya kufunga hata siku moja.

Hospitalini

Anzeni katika hospitali ya wilaya, au hospitali ya misheni kwa wale ambao ndiyo iliyo karibu, mkaulizie kliniki ya afya ya akili na siku zake kabla ya kusafiri, kwani kutoka Makete au Ludewa safari ya bure ni hasara ya siku nzima na zaidi. Barua ya rufaa inaweza kuwapeleka Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya au hospitali ya rufaa ya mkoa, na kwa hali ngumu zaidi ipo hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe, Dodoma. Msianze kwa kusema amechanganyikiwa. Semeni kwamba katika ukoo kuna ugonjwa wa miondoko na akili unaopita kutoka mzazi hadi mtoto, mtaje nani waliugua na wakiwa na umri gani, kisha mtoe daftari. Kama nauli na gharama zinawashinda, mwoneni ofisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya kukata tamaa na kurudi.

Kipimo cha jeni huthibitisha ugonjwa, lakini matibabu ya sonona au hasira hayahitaji kukisubiri. Kuna pia jambo ambalo sisi Waafrika tunapaswa kulijua: upo ugonjwa mwingine unaofanana mno na huu, unaotokana na jeni tofauti iliyo kwenye kromosomu ya 16, uliotambuliwa mwaka 2001, na karibu wote waliokutwa nao wana asili ya Kiafrika. Kwa hiyo kipimo cha Huntington kikirudi salama huku ukoo ukiwa na historia ile ile, suala halijafungwa. Namna ya kumuuguza mgonjwa nyumbani ni ile ile.

Dawa zitaandikwa na daktari, nanyi kazi yenu ni kuzijua kwa majina na kuzitazama zinavyofanya. Za sonona, kama fluoksetini, sertralini au amitriptilini, huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha kazi, na familia nyingi huziacha wiki ya pili zikidhani hazifai; baadhi yake husaidia pia hasira na mawazo yanayong'ang'ania. Za shuku na ukali, kama haloperidoli, risperidoni au olanzapini, huweza kupunguza pia miondoko, lakini zikizidi humkakamaza mgonjwa, humfanya mzito wa kutembea na kumeza, na kuufanya ukimya wake uonekane umezidi. Pamoja na haloperidoli mara nyingi hutolewa benzeksoli, dawa ya kupunguza ukakamavu huo. Mwulizeni daktari kwa heshima kama inahitajika kweli, kwa sababu huweza kuongeza miondoko na kuvuruga kumbukumbu. Tetrabenazini, ambayo hutumika kwa ajili ya miondoko, inaweza kuleta sonona, hivyo aliyewahi kuwa na sonona lazima alitaje hilo. Dawa za usingizi za jamii ya diazepamu huongeza kuanguka. Hakuna hata moja kati ya hizi inayopaswa kukatwa ghafla, na akiba ibaki ya wiki moja kabla ya tarehe ya kliniki, hasa wakati wa masika barabara zinapoharibika.

Hatari ya kujiua

Hapa nitakuwa mrefu kidogo. Hatari ya kujiua katika ugonjwa huu ni kubwa kuliko kwa watu wengine, na kuna nyakati mbili ambapo mawazo hayo huongezeka: pale mtu anapoanza kuhisi kwamba ugonjwa umemfikia lakini bado hajaambiwa rasmi, na pale anaponyang'anywa uhuru wake, yaani anapoacha kazi, anapokatazwa kuendesha pikipiki, au fedha zinapohamishiwa mikononi mwa mwingine. Katika nyakati hizo mtu mmoja wa karibu amwulize wazi, kwa sauti ya kawaida, wakiwa wawili tu: je, umefika mahali pa kufikiria kujiua? Swali hilo halimpandikizii wazo. Akikubali, aulizwe kama ameshafikiria kwa njia gani, kisha asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo hata kama amesema alikuwa anatania.

Nyumba za wakulima wa kwetu zina sumu ndani yake. Dawa za kunyunyizia viazi, mahindi na kahawa hukaa chini ya kitanda au juu ya kichanja, na sumu ya panya karibu na debe la unga. Zitoeni. Zipelekwe kwa jirani anayeaminika au zifungiwe kwenye sanduku la kufuli ambalo ufunguo wake hauko nyumbani, na dawa za hospitali zishikwe na mtu mmoja anayezitoa dozi kwa dozi. Mawazo ya kujiua mara nyingi hupanda na kushuka, na mgonjwa wa Huntington, ambaye kujizuia kwake kumedhoofika, anaweza kutenda ndani ya dakika chache kile ambacho baada ya saa moja asingekitenda. Umbali wa hatua mia mbili hadi kwa jirani unaweza kutosha. Akiwa ameshakunywa kitu, msimtapishe wala msipoteze muda kutafuta maziwa. Mkimbizeni hospitali pamoja na chupa au pakiti yenyewe.

Pombe nayo ipunguzwe, na ikiwezekana iachwe, kwa kuwa huongeza sonona na kulegeza kile kidogo cha kujizuia kilichosalia. Msimu wa ulanzi ni mgumu kuliko mingine kwa sababu hauhitaji fedha nyingi na wenzake watamwita. Ni afadhali kuzungumza na wenzake kuliko kumfungia ndani.

Watoto na zamu

Watoto wa mgonjwa wanatazama. Wasidanganywe kwamba baba ana mapepo, wala wasibebeshwe hesabu ya nusu kwa nusu wakiwa darasa la nne. Waambiwe kwamba ubongo wa baba unaumwa, kwamba ukali wake hautokani na wao, na kwamba wakiogopa waende nyumba fulani iliyotajwa kwa jina. Aliyefikisha umri wa utu uzima ndiye pekee mwenye haki ya kuamua kama apimwe au asipimwe kabla hajaona dalili, baada ya ushauri nasaha, na asishurutishwe na mchumba, na wazazi wa mchumba, wala na ndugu wanaogawa mashamba.

Mlezi mmoja hawezi kuubeba ugonjwa wa miaka 15. Gaweni zamu mapema, wakati bado kuna amani, na wajomba walioko Dar es Salaam wachangie kwa namna inayoonekana, iwe ni fedha za dawa au wiki mbili za likizo zao. Anayepokea zamu asome kurasa mbili za mwisho za daftari kabla hajaingia chumbani kumsalimia mgonjwa.